Dirisha la Kirumba

Ng'ambo ya barabara ndiyo ofisi yenyewe:
geti la buluu, bendera, mlinzi mwenye daftari,
korongo watatu juu ya paa kama makarani waliostaafu.
Huku kwangu ni dirisha tu,
futi tatu kwa mbili, nondo, na kibao nilichokipaka rangi kwa mkopo:
WAKALA WA USAJILI. MAGARI, PIKIPIKI, BAJAJI.
Serikali imenikodisha mkono wake mmoja
kwa leseni ya mwaka, inaisha Juni.

Sisemi kwamba mimi ni serikali.
Watu ndio husema. "Nyie mnatukamua," huniambia,
kisha huitoa elfu kumi yangu imekunjwa mara nne,
na ile ya geti la buluu walishalipa kimya, kofia mkononi.

Mtandao ukifa, haumbagui mtu.
Bi Nyafuru wa kaunta namba mbili huvuka lami,
nami natoka nyuma ya nondo zangu,
tunakunywa kahawa ya Kamuhanda kwenye benchi moja,
umma na binafsi,
tukipuliza vikombe, tukingoja Dar es Salaam izinduke.

Jumanne alikuja mama wa Ukerewe
kwa kivuko cha asubuhi, kitenge bado kina harufu ya dagaa.
Nyanjige Mafuru, aliniandikia, kwa herufi za kukandamiza.
Mkobani alikuwa na kadi ya pick-up,
imekunjwa hadi namba ya injini imepasuka katikati;
barua ya mirathi yenye muhuri wa mahakama;
cheti cha kifo ndani ya mfuko wa sukari, kisilowe.
"Ng'ambo wamenituma kwako."
Nikatafuta kosa la kumrudisha ng'ambo.
Ndiyo tabia ya kazi hii: karatasi isiyorudishwa haiaminiki.
Sikuliona. Alishavuka mara nne.

Nikafungua ukurasa.
Chesisi, sawa. Rangi, nyeupe.
"Ilikuwa nyeupe," akasema.
Mmiliki: BWIRE M. LUKUMBUZYA.
Nikaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta.
"Taratibu," akasema, maana kioo cha dirisha
kilikuwa kinamwonyesha kila kitu kinyumenyume.

Nikafuta taratibu, herufi moja moja, kutoka mwisho,
hadi ikabaki B peke yake
na kijistari kando yake kikikonyezakonyeza.
"Hapo hapana nafasi ya wawili?"
Nikamwambia mfumo haupokei wawili.
"Sisi tulienea," akasema, "miaka kumi na tisa,
kiti cha mbele, na gunia katikati."

Fomu haina kisanduku cha neno hilo.
Nikaifuta B.

Namba ya gari haikubadilika. Ndivyo utaratibu ulivyo:
jina hutoka, namba huendelea kubeba dagaa.
"Basi namba bado ni yake?"
"Ni ya gari, mama."
Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa chenji pungufu
na amechoka kuhesabu.

Kadi ya zamani hurudi geti la buluu, ikatobolewe.
Kabla haijaenda nikaitoa nakala, ya rangi, pande zote mbili.
Nakala ni mia tano, imeandikwa ukutani.
Sikumdai.
Akaiweka sarafu juu ya mbao hata hivyo, akaisukuma kwa kidole:
hataki deni lililobaki upande huu wa maji.

Jioni nilifunga hesabu. Pikipiki mpya tatu, bajaji moja,
uhamisho mmoja.
Bi Nyafuru akapaza sauti kutoka getini,
"Uhamisho wako umeingia!"
Nikamjibu kwamba nimeuona.
Korongo mmoja akaliacha paa la serikali,
akavuka lami kwa mabawa mazito,
akatua juu ya mabati yangu
bila kuniuliza ada.